Kibuyu cha Kwenye Kenchi

Niseme mapema mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imeshatiwa chumvi: ni kweli, mimi ndiye yule mwalimu wa Nachingwea aliyewalisha wakwe zake kitu ambacho hakikupaswa kuliwa na mtu aliye hai. Si sumu, msiogope, wote wazima, na mjomba mtu peke yake alikula vipande vitatu. Lakini mpaka leo nikipita sokoni kuna mama mmoja muuza dagaa huniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, leo Mwalimu anapika nini, na wenzake wote wanainamisha vichwa kwenye meza zao kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka.

Mimi kwetu Rungwe, huku nimeletwa na ajira, nafundisha baiolojia, na nina ugonjwa mmoja ambao sijapata dawa yake: siwezi kuona kitu kimefungwa nikakiacha kimefungwa. Chupa lazima niinuse, mfuko lazima nitie mkono, dawa ya mtu mwingine lazima nisome kile kikaratasi chake mpaka mwisho. Mke wangu Tekla, ambaye ni nesi na ni Mmwera wa Narung'ombe kule Ruangwa, alinijua hivyo tangu uchumba, na kama mtakavyoona, alikuwa akichukua tahadhari zake kimyakimya.

Sasa mambo yalianza kwa ubishi wa chakula. Kila mwezi ikifika tarehe ishirini nyumba yetu ilikuwa inaanza kuishi kwa imani, na mimi, badala ya kunyamaza kama wanaume wenye akili, nikasema tatizo si mshahara, tatizo ni kwamba tunakimbilia dukani kununua mkate na maandazi wakati stoo imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa, maana huku mtu akitoka shamba hapiti mikono mitupu: kulikuwa na unga wa muhogo, mbaazi gunia zima, choroko, ufuta, karanga, korosho za kubangua wenyewe, na nje mabibo yanaanguka mpaka kuku wameyachoka. Nikamwambia Tekla mimi ningeweza kuendesha jiko hili mwezi mzima kwa vilivyomo humu ndani. Tekla alikuwa anakunja nguo, anajiandaa kwenda semina ya wiki mbili Lindi mjini. Hakunibishia. Akasema tu:

"Sawa. Jiko lako. Ila ukinipigia simu kuniuliza chochote cha humo stoo, umeshindwa, na hutafungua tena mdomo juu ya chakula mpaka mwaka uishe."

Nikakubali. (Hapo ndipo nilipojipalia makaa mwenyewe. Ningesema "nitakuuliza mambo mawili tu", mkasa huu usingekuwepo.)

Nataka niwe mkweli, wiki ya kwanza nilifanya maajabu. Nilichukua sufuria kubwa, nikatandika mchanga chini, nikaweka sufuria ndogo ndani yake, mfuniko juu, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, nikapata tanuri. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu, nilimpa mbwa wa jirani akaubeba akaenda kuufukia. Lakini mimi mtu wa sayansi, nikaanza kuandika: unga wa ngano vikombe vitatu na wa muhogo kimoja, haupasuki, viwili kwa viwili, unapasuka katikati, maji ya uvuguvugu ya mbaazi zilizochemshwa, unavimba vizuri zaidi, kwa nini sijui, na mpaka leo nataka kujua. Sukari ilipopungua nikakamua mabibo, nikachemsha maji yake mpaka yakawa mazito kama asali, ule ukakasi wa kooni ukapungua sana, nikatia kwenye unga. Siku ya sita nikapeleka mkate ofisini kwa walimu, ukaisha kabla ya kengele ya pili. Wakaanza kuniita Baba Mikate. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Alhamisi ya wiki ya pili simu ikaita, mama mkwe. Nikasimama kwanza ndipo nikapokea, maana huku mkwe hamjibu mama mkwe amekaa kitandani, hata kama haonekani. Alisema simu ya Tekla haipatikani, na kwamba Jumamosi atapita na Mjomba Hilari na wenzao wachache, wamekodi gari, wanakwenda Lionja kwa Baba, na watachukua mzigo wao waliomwachia Tekla. Baba ni baba yake yeye mama mkwe, babu yake Tekla, aliyelima korosho Lionja mpaka alipofariki na akazikwa hukohuko. Nikasema karibuni sana Mama, mzigo upo.

Mzigo upi? Sikuuliza. Ningempigia Tekla ningekuwa nimeshindwa siku mbili kabla ya mwisho, na kumuuliza mama mkwe "mzigo gani" niliona ni kama kumwambia binti yake hanielezi mambo ya nyumba yangu. Nikaenda stoo nikaangaza macho, nikaona gunia la mbaazi, nusu yake bado, nikajisemea ndilo hilo, nikalikokota mpaka mlangoni na kulifuta vumbi. Kuhusu mzigo nikawa nimemaliza.

Kilichonisumbua ni keki. Mjomba Hilari ndiye mkubwa wa ukoo wao, na kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, na huyu mjomba ndiye aliyesema wakati wa posa kwamba watu wa kuja hawana adabu ya vitu vya watu. Nilitaka ale keki niliyoioka mimi kwa mikono yangu na ajirudi moyoni. Ijumaa jioni nikafungua ndoo ya unga wa ngano, nikakuta kikombe kimoja. Kwa muhogo mtupu na kikombe kimoja cha ngano hakipatikani kitu cha kumwekea mjomba mezani. Nikaanza kupekua.

Juu kabisa, kwenye kenchi ya paa, nyuma ya ungo, palining'inia kibuyu kidogo kimefungwa mdomo kwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nakiona kila siku na kila siku kilikuwa kinanikera (nilidhani ni mbegu). Nikapanda kwenye stuli, nikakishusha, nikafungua. Ndani kulikuwa na unga. Jamani, mimi nimeona unga, lakini ule haukuwa unga wa kinu cha mashine. Ulikuwa mweupe, laini, ukiuchukua kwa vidole huusikii. Nikaunusa: mtama. Nikaonja: mtama, lakini mtamu kwa mbali, hauna pumba hata chembe. Na wazo la kwanza lililonijia, nawaambia bila kujitetea, ni kwamba Tekla ananificha unga mzuri.

Nikaupika wote. Mtama wa kibuyuni, kikombe cha ngano, muhogo kidogo wa kushika, mayai manne ya kuku wetu, maji ya mabibo, korosho za kukatakata ndani na ufuta juu. Niliipalia makaa kwa uangalifu wa mganga. Ilipanda mpaka ikagusa mfuniko. Harufu yake ilimvuta jirani mpaka kwenye ua akajifanya anatafuta kuku. Nikaiweka kwenye sinia, na kwa kuwa nilitaka meza ipendeze nikatafuta kitambaa cha kuifunika, na kitambaa safi kuliko vyote nyumbani kilikuwa kilekile cheupe, chenye ua dogo la bluu lililodariziwa kwenye kona.

Jumamosi saa nne wakafika, watu saba kwenye gari dogo. Mama mkwe, Mjomba Hilari na fimbo yake, dada wawili wa mama, na vijana watatu wa ukoo. Mama mkwe aliketi kwenye mkeka upande wa mlangoni, amenipa ubavu, kama ilivyo heshima yao, maana kwao mama mkwe hali mbele ya mkwewe wala mkwe hamkazii macho. Nikawaonyesha gunia la mbaazi. Nikasema mzigo wenu ule pale, salama kabisa. Wakaliangalia, wakaangaliana, Mjomba akasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa kiatu kisicho chake lakini hataki kumfedhehesha mtoaji. Akasema tutaongea, kwanza tupumzike.

Basi nikaleta chai na keki. Mjomba akaonja, akachukua kipande cha pili bila kuombwa. Vijana wakasifu. Mjomba akasema hajawahi kula keki ya namna hii hata Dar es Salaam, na akauliza nani kaoka, nikasema ni mimi, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nioe kama mtu anayeangalia mtu. Akachukua cha tatu. Mimi sasa kichwa kikawa kikubwa, nikakata kipande kizuri, nikakiweka kwenye sahani, nikakisogeza kwenye mkeka bila kumtazama mama mkwe, nikasema, Mama, najua si desturi, lakini mikono ya mwanao imehangaika. Nikasikia sahani inachukuliwa. Jamani, nilifurahi. Miaka minne ya ndoa, mama mkwe anakula mbele yangu.

Alitafuna polepole. Akaacha kutafuna. Akauliza, bila kugeuka, mtama huu nimeutoa wapi. Nikasema ulikuwepo tu humu ndani. Alimwambia Mjomba jambo kwa Kimwera, na Mjomba akatoa simu akampigia Tekla, na safari hii ikapatikana, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akamuuliza unga wa Baba umeuweka wapi.

"Shikamoo Mjomba. Uko stoo, juu kwenye kenchi, nyuma ya ungo," Tekla akasema, sauti yake imejaza sebule. "Kibuyu kidogo, nimekifunga kitambaa cheupe cha Bibi, kile chenye ua la bluu. Mwambieni Mwalimu awashushie. Ila asifungue, Mjomba. Namjua."

Macho saba, yaani majozi saba ya macho, yakaenda kwenye sinia. Kitambaa kilikuwa pale pembeni nimekikunja pembe nne, ua la bluu juu.

"Halo?" Tekla akasema. "Mmekipata?"

Mjomba Hilari alikuwa na kipande mdomoni, shavu la kushoto limevimba, hatafuni. Akanigeukia taratibu, na kwa shida, maana mdomo ulikuwa umejaa, akaniuliza swali ambalo sikufundishwa chuoni namna ya kulijibu:

"Mwalimu. Nimeze au niteme?"

Ndipo nikaelezwa, na aliyenieleza ni dada mdogo wa mama, kwa huruma, kama unavyomweleza mgonjwa. Kwamba ule ni unga wa wazee. Huumwaga kichwani pa kaburi kumwita marehemu na kumlisha. Unatwangwa kwa mkono, na si kila mwanamke anayeutwanga, kwao amebaki mmoja tu, Bibi Ponsiana wa Mnero, aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, na akiutwanga haongei, na muhimu kuliko yote, unga ule hauonjwi. Hata yeye mtwangaji haonji. Anayeonja wa kwanza ni marehemu. Watu hawa ni Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili, na hawaoni shida, wanasema Mungu ni Mungu na baba ni baba.

Ningeweza kustahimili hasira. Kilichonivunja ni mama mkwe. Alikuwa bado ameshika sahani, na alizungumza huku anaangalia mlangoni.

"Mara tatu Baba amenijia usingizini, ananiambia ana njaa," akasema. "Mara tatu. Na mimi nimekaa hapa nakula chakula chake."

Akaanza kulia bila sauti. Nikasema Mama nisamehe, nimeupika, sikujua. Ni maneno yaleyale wanayoniambia wanafunzi wangu, na huwa nawajibu kwamba kutojua kuna dawa, inaitwa kuuliza. Tekla kwenye simu alikuwa amesikia yote. Aliuliza tu kama umebaki hata kidogo kibuyuni, nikasema hapana, nilikikung'uta, akakata simu.

Mjomba alimeza. Akasema aliyekwisha kula vipande viwili na nusu hawezi kujifanya mtakatifu kwenye nusu iliyobaki. Kisha akaamuru wote turudi garini, na mimi pia, twende Mnero, Bibi Ponsiana ndiye atakayesema. Mama mkwe kabla ya kuinuka alifanya jambo ambalo sikulielewa wakati ule: alikichukua kile kipande chake alichokimega mara moja tu, akakifunga kwenye pindo la khanga.

Safari ile nilikaa nyuma kabisa, magoti kidevuni. Tukamkuta Bibi uani kwake anapepeta. Ni mwembamba, Kiswahili chake kidogo, anakielewa kuliko anavyokisema, kwa hiyo Mjomba alimweleza kwa Kimwera, kwa kirefu, na nikawa nafuata kisa changu kwa mikono ya Mjomba tu: hivi ni kupanda kwenye stuli, hivi ni kufungua, hivi ni kukoroga mayai. Bibi aliacha kupepeta. Alinitazama mpaka nikaangalia miguu yangu. Halafu akauliza kitu, kifupi, na hakuna aliyetaka kunitafsiria.

Mwishowe mama mkwe akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni, "Anauliza, ulikuwa na ladha gani?"

Sikuelewa. Akarudia. Bibi Ponsiana ametwanga unga ule tangu mimi sijazaliwa, ametwangia kila kaburi la ukoo wao, na hajawahi kuulamba hata kidole. Mama yake aliyemfundisha hakuulamba. Katika walio hai hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua ladha yake, na yule bibi alikuwa amekaa na swali hilo maisha yake yote, kimya, akichekecha. Nikamwona mwenzangu. Nikamwambia polepole: mtamu kwa mbali, Bibi, hauna pumba, ukiuweka ulimini unayeyuka kabla hujautafuta, na mwishoni unabaki kama harufu ya kinu. Mama mkwe akatafsiri. Bibi akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kisha akafumba macho kidogo, na nadhani aliridhika, ingawa alijitahidi lisionekane.

Hukumu ikatoka baadaye. Kuku wawili, jike na jogoo, na gharama ya gari kulala, hayo nilikubali kabla hayajamalizika kutamkwa. Lakini adhabu yenyewe ilikuwa nyingine. Bibi alisema atatwanga upya jioni ileile, na mimi nitaletewa kigoda nikae palepale uani, nimeupa kinu mgongo, mpaka amalize, bila kugeuka na bila kuuliza. Nilikaa. Nikasikia mchi, nikasikia ungo, nikasikia chekeche, nikasikia anasimama kwa muda mrefu anafanya kitu ambacho hakina sauti kabisa. Kitu gani? Sijui. Shingo iliniuma kwa kujizuia. Mjomba Hilari alikaa mbele yangu muda wote ananiangalia kama msimamizi wa mtihani, na naapa mara mbili alitabasamu.

Asubuhi tulikuwa Lionja. Mjomba alisema nami niende, Baba apate kuiona sura. Mama mkwe alipiga magoti kichwani pa kaburi, akamwaga unga kwa vidole, taratibu, ukajikusanya kuwa kichuguu kidogo cheupe. Akamwita baba yake kwa jina. Alipomaliza nikadhani tunaondoka, lakini akafungua pindo la khanga, akatoa kile kipande cha keki, kikavu sasa, chenye alama ya meno yake, akakiweka pembeni ya unga.

"Na hii kaoka mume wa mjukuu wako," akasema kwa Kiswahili, na najua alisema kwa Kiswahili ili nisikie. "Alionja kabla yako, Baba. Hakuuliza. Lakini ana mkono."

Nililia pale, siwafichi, na hakuna aliyenicheka, wamekuja kunicheka baadaye.

Basi mwaka ule sikufungua mdomo tena juu ya chakula, kama tulivyokubaliana, na tarehe ishirini bado inatukuta vilevile. Mikate naoka, ila kila kitu cha stoo kwanza namuuliza Tekla, hata chumvi. Mama mkwe hajaota tena baba yake akilalamika njaa. Lakini mwezi uliopita nilikuta kwenye kenchi, nyuma ya ungo, kibuyu kidogo kimefungwa kitambaa cheupe chenye ua la bluu. Tekla hajasema kitu, wala mimi sijamuuliza, maana najua akinijibu nitauliza la pili. Huenda ni unga, huenda ni mbegu, huenda ni kitupu na ananipima. Kila asubuhi naingia kuchukua unga wa muhogo, nainamisha kichwa, natoka. Siku ya thelathini na nne leo, na stuli nimeihamishia kwa jirani.